Mwaka wa Chumvi Juu ya Paa

Kwenye matanga ya Mama Salina, mwezi uliopita, nilipewa chai kabla ya wazee. Jebet, binti wa marehemu, ambaye sasa ana wajukuu wanne, alitoka jikoni na kikombe kimoja tu juu ya trei. Akampita mchungaji, akampita naibu wa chifu, akaja kusimama mbele yangu mimi niliyekuwa nimekaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki, karibu na kamba ya hema. "Onja, Nekesa," akasema. Nikaonja. Wanawake waliokuwa wamesimama mlangoni na mabirika wakaningoja. Nikasema, "Iko sawa," na hapo ndipo chai ikaanza kumiminwa. Kijana mmoja aliyeoa katika nyumba hiyo juzijuzi akamuuliza jirani yake kama mimi ndiye daktari wa familia. Hakujibiwa. Nyuso zilikuwa za msiba, lakini niliona mabega ya Jebet yakitikisika alipokuwa akirudi jikoni, na sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko. Nadhani vilikuwa vyote viwili. Nimeamua kumjibu kijana huyo hapa, kwa utaratibu, kwa sababu jibu lake ni mwaka mzima wa maisha yangu na lisingeenea chini ya hema.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimeitwa kidato cha tano. Alama zangu zilipungua kidogo, na siku zile kupungua kidogo na kupungua sana kulikuwa kitu kimoja. Nikapata kazi ya kufundisha bila cheti katika shule ya msingi upande wa Kesses, na mwalimu mmoja wa hapo, Mama Salina, mjane, akanipa chumba cha mwisho katika nyumba yake kwa masharti mawili: nimsaidie kusahihisha madaftari ya darasa la tano, na nisipike chumbani. Kilikuwa chumba chenye kitanda cha kamba, dirisha moja la mbao, na kuta zilizopakwa chokaa mpaka usawa wa kifua, kwa sababu chokaa iliishia hapo. Juu ya meza kulikuwa na kitabu kimoja. Marehemu mume wake alikuwa amenunua ensaiklopidia ya Kiingereza kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Juzuu nyingine zote zilikwishapotea kwa kuazimwa, ikabaki ya herufi S peke yake. Mama Salina alinikabidhi siku ile ile niliyofika. "Soma hii," akasema. "Ukiimaliza utakuwa unajua sehemu moja kati ya ishirini na sita ya kila kitu." Nikajiwekea kurasa mbili kila jioni, nikiwa na kamusi upande wa kushoto na daftari upande wa kulia. Mpaka leo, mambo ninayoyajua vizuri kuliko yote duniani ni yale ambayo kwa Kiingereza yanaanza na herufi hiyo.

Chakula tulikula jikoni, nyumba ndogo ya udongo iliyojitenga na nyumba kubwa, na mwenye jiko alikuwa Kogo, mama yake marehemu mume wa Mama Salina. Alikaa upande wa mlango ili aone kila aliyeingia na alichobeba. Nyuma yake vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandishwa na majivu ya mti, vilitundikwa kwa mpangilio ambao ni yeye tu aliyeruhusiwa kuuvuruga. Ugali ulikatwa kwa uzi, mboga zikawekwa katikati, maziwa yakamiminwa mazito yenye rangi ya majivu. Kila jioni, bila kukosa, Kogo alisema, "Mkatieni huyu kipande kikubwa. Kwao ugali hupimwa kwa mikono miwili." Nami kila jioni nilijibu, "Kwetu, Kogo, hiki ni cha kuonja tu," na yeye akacheka kana kwamba hajawahi kulisikia jibu hilo. Walipozungumza Kikalenjin, lugha isiyokuwa yangu, walidhani sisikii. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba na mimi nilikuwa na daftari. Kufikia Aprili nilielewa karibu kila kitu, na sikumwambia mtu. Sijivunii jambo hilo. Nalitaja kwa sababu lina kazi baadaye.

Nyuma ya nyumba kubwa, kati yake na jiko, lilisimama tangi la bati lenye urefu kushinda mtu mrefu. Paa la nyumba lilikuwa na pande mbili zilizokutana kama kiwiko cha mkono, na mahali zilipokutana palikuwa na mfereji mpana wa bati ulioshusha maji yote kwenye bomba moja, na bomba likaingia moja kwa moja kwenye tangi. Bomba la mradi wa maji lilikuwa kavu tangu Januari. Kijito kilikuwa bondeni, lakini kilipita chini ya josho la ng'ombe, na hakuna aliyekunywa maji yake. Kwa hiyo maji ya kunywa, ya chai na ya kupikia wageni yalikuwa hayo ya tangi. Kila asubuhi Mama Salina alipita akiligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini. Mahali palipo patupu bati liliitika kama ngoma, na palipo na maji likanyamaza. Mwaka huo mvua zilichelewa, na mlio wa ngoma ulikuwa umeshuka mpaka karibu na magoti.

Na wakati huo ndipo koito ya Jebet ilipopangwa. Ni siku ambayo watu wa mvulana huja kukaa na watu wa msichana, wakala, wakanywa, wakapatana juu ya mahari. Jebet alikuwa rika langu na tulikuwa tukipeana sketi. Mwaka uliotangulia watu wengine walikuwa wamekuja kumposa. Mama Salina akaugua, siku ikaahirishwa, na watu wale hawakurudi tena. Hakuna aliyeeleza sababu. Habari hiyo ilikuwa imekaa ndani ya nyumba kama kiti kibovu ambacho kila mtu anakijua na hakuna anayekikalia. Sasa watu thelathini walikuwa wanakuja kutoka upande wa Moi's Bridge, Jumamosi ya kwanza ya likizo. Sebule ilikuwa imewekwa dari mpya ya mbao nyembamba, ikapakwa rangi nyeupe. Kogo alitoa agizo lake tukiwa tunachambua mchele. "Safari hii hatuahirishi. Hata mimi nikifa Ijumaa, mnifunike blanketi, wageni wale kwanza."

Mvua ya mawe ilikuja Alhamisi saa nane mchana. Nimeishi nyanda hizi karibu maisha yangu yote na nimeona nyingi, lakini ile bado ndiyo ninayopimia nyingine. Kwanza mwanga uligeuka kijani. Kisha jiwe moja likagonga bati, likanyamaza, likaja la pili, halafu hapakuwa na la tatu kwa sababu hayakuhesabika tena. Tulikuwa wanne sebuleni na hatukuweza kusikiana hata kwa kupiga kelele sikioni. Kogo alifungua mlango, akatupa shoka uani kama walivyofanya wazee wake ili mawe yakome, akafunga. Hayakukoma. Yalianguka kwa kama robo saa, kisha yakaisha ghafla, na tulipofungua mlango hapakuwa na ua. Palikuwa na kitu kimoja cheupe kutoka kizingitini mpaka kwenye uzio wa misaiprasi, kikifika juu ya vifundo vya miguu, na chini ya mapaa, mahali mawe yalipoteleza, yalikuwa yamerundikana hadi kwenye dirisha. Hewa ilinukia majani ya mkaratusi yaliyokatwakatwa. Kuku walikuwa wamesimama kwenye mstari chini ya ghala, wakiinua mguu mmoja kisha mwingine. Jebet alichukua sufuria, akaijaza mawe pomoni, akaiweka barazani akicheka. Kogo akaleta majivu ya jikoni na kuyamwaga kwenye ngazi ili asiteleze mtu. Nilimwona akifanya hivyo na sikulitilia maanani. Ningelitilia maanani, ningejiuliza kwa nini mtu aliyeishi na barafu hiyo miaka sabini anaifunika tu na haiyeyushi.

Ndipo tukasikia tone sebuleni, na baada ya tone, mchirizi. Mawe yalikuwa yameujaza mfereji pale mapaa mawili yanapokutana na kugandamana, na mvua ya kawaida iliyofuata haikuwa na pa kwenda isipokuwa chini ya bati na juu ya dari mpya. Dari ilianza kushuka tumbo. "Toeni picha ya Rais kwanza!" akapiga kelele Kogo. "Naibu wa chifu akija Jumamosi akute imelowa, mtamwambia nini?" Jebet akaitoa picha ukutani na kuikimbiza chumbani ikiwa imefungwa kwa shuka yake nzuri, kisha akarudia saa ya ukutani na makochi. Mama Salina alichukua ufagio mrefu, akatoka, akajaribu kuuchokoa mfereji kutoka chini. Barafu haikutikisika.

Mimi nilijua la kufanya. Sentensi hiyo naiandika polepole, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu. Nilikuwa nimesoma makala ya chumvi mwezi Februari, nikarukia mbele kwenye makala ya theluji mwezi huohuo, na katika zote mbili ilielezwa kwamba katika nchi za baridi watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Nilikuwa na ukurasa kichwani. Ghalani kulikuwa na gunia la chumvi ya ng'ombe, ile ya rangi ya udongo. Nikajaza debe, nikaegemeza ngazi, nikapanda. "Unaenda wapi na hiyo?" akauliza Mama Salina. "Kuyeyusha, Mama. Imeandikwa." Nilipofika juu nikaimwaga debe zima kwenye mfereji, nikaisambaza kwa mkono. Na ilifanya kazi, jambo ambalo lazima niliseme. Barafu ililia kama mafuta kwenye karai, ikalegea, ikawa uji, na baada ya dakika ishirini maji yakafungua njia na kushuka kwa kishindo. Tumbo la dari likakoma kushuka. Mama Salina alisimama chini akiwa ameshika ngazi, akainua uso. "Kweli kitabu ni kitu," akasema. Mimi niliyekuwa juu ya bati, mikono ikiwa haina hisia, nilisikiliza maji yakigugumia ndani ya bomba, yakiingia kwenye tangi, na nikaona kwamba mlio huo ulikuwa wangu, ni mimi niliyekuwa nikipigiwa makofi.

Saa kumi Jebet alipika chai. Tuliinywea jikoni tukiwa tumenyoosha miguu kwenye moto. Maziwa yalikuwa yamekatika kidogo kwenye sufuria, akadhani ni baridi. Kogo alipewa kwanza kama kawaida. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akageuka, akalitema kwenye majivu.

"Hii ni chai ya ng'ombe," akasema.

"Nini, Kogo?"

"Onja. Msichana wa kuolewa keshokutwa, na hajui sukari ni gani na chumvi ni gani! Ukiwapa watu wa Moi's Bridge hii, watarudi kwao kabla hawajakaa."

Jebet alionja, akakunja uso, akatazama kopo la sukari. "Mimi nimetia sukari. Haki ya Mungu. Kopo ni lile lile."

"Basi kopo limejitia chumvi."

"Kogo, si unisikilize!"

"Nimesikia. Ulimi wangu pia umesikia."

Macho ya Jebet yalikuwa yameanza kujaa. Nilikuwa nimeshika kikombe changu bila kukinywa. Nilikuwa nimekwishajua, kama mtu anavyojua kabla ya kugeuka kwamba mlango alioufunga haukufungika. Ninaweza kuonyesha mpaka leo mahali pale katika mawazo yangu: mfereji, bomba, tangi, mfereji, bomba, tangi. Mwandishi wa makala ile aliishi mahali ambapo maji ya barabarani huenda zao. Hakuwa na tangi chini ya paa. Mimi nilikuwa nalo, nilikuwa nimelipita kila siku kwa miezi mitatu, na sikulitazama hata mara moja nilipokuwa nimebeba lile debe.

"Si Jebet," nikasema. "Ni mimi. Ni ile chumvi niliyoweka kwa paa. Imeshuka yote kwa tangi."

Mama Salina aliinuka, akaenda nje, nikasikia koki ya tangi ikifunguliwa na kufungwa. Akarudi akijipangusa midomo kwa kiganja. "Tangi yote," akasema, na akakaa. Kisha, bila kupandisha sauti, "Keshokutwa watu thelathini." Kogo akasema kwa Kikalenjin kwamba afadhali kitabu kingekuwa kimelowa badala ya dari.

Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kukaa. Pale barazani ile sufuria ya Jebet ilikuwa bado imejaa mawe, lakini kwenye ukingo yalikuwa yameanza kuyeyuka. Nikachovya kidole, nikalamba. Maji matamu, yasiyo na ladha ya kitu chochote. Nikainua macho kwenye ua wote ule mweupe, na nikaona kwamba nilikuwa nimesimama ndani ya maji tunayoyatafuta. Sikukimbilia kusema. Saa moja iliyopita nilikuwa nimekimbilia. Nikajaza sufuria ile ile hadi ukingoni, nikaisawazisha kwa mwiko, nikaipeleka jikoni kimya, nikaiweka motoni mpaka jiwe la mwisho likaisha, nikachora mstari kwa mkaa pale maji yalipofika. Ilikuwa nusu na vidole viwili. Kwa chakula na chai ya watu thelathini, kwa kipimo cha Mama Salina mwenyewe, yalihitajika mapipa matatu, yaani madebe thelathini. Basi mawe, madebe hamsini na tano, na matano ya kupotea njiani.

"Unataka kujaza tangi na mawe ya mvua?" akauliza Mama Salina.

"Ndiyo, Mama. Kwanza tulimwage lote, tulisugue, halafu tujaze. Madebe sitini. Kesho saa nne jua litakuwa limeyamaliza, kwa hiyo ni leo."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma mahali. Nimepima." Nikamwonyesha mstari.

Aliutazama ule mstari wa mkaa, akapitisha kidole juu yake, akaondoka kwenda kuvaa gambuti.

Tulikinga maji ya chumvi kwenye mapipa mawili kwa ajili ya ng'ombe, ambao waliyanywa kwa furaha wiki nzima, na yaliyobaki tukayaachia kwa tundu la chini. Nyasi za mahali hapo zilikufa na hazikuota tena mwaka ule. Kisha nikashushwa ndani kwa ngazi fupi kupitia tundu la juu, kwa sababu nilikuwa mwembamba kuliko wote na kwa sababu ilikuwa haki. Nilisugua kuta kwa gunzi na majivu, nikasuuza kwa barafu, nikalamba bati kwa ulimi, nikasugua tena. Ndani ya tangi kila sauti ya nje huingia ikiwa kubwa. Kogo na Mama Salina walikuwa wamesimama karibu wakichuja mawe ya kwanza kwa chekecheke la unga, na walizungumza kwa lugha yao.

"Koito ikiisha umwambie atafute nyumba nyingine," alisema Kogo. "Ana akili ya haraka. Akili ya haraka huunguza nyumba."

"Kitabu nilimpa mimi," akasema Mama Salina. "Na ngazi niliishika mimi. Nikimfukuza yeye nitajifukuza vipi mimi?"

"Wewe ni mwenye nyumba."

"Mama, Jebet alikuwa karibu kulia. Huyu angenyamaza dakika moja tu, tungemaliza siku tukimlaumu Jebet. Hakunyamaza."

Nikasikia mawe mengine yakimiminwa kwenye chekecheke. "Kweli," akasema Kogo mwishowe. "Hakunyamaza." Kisha akagonga bati kwa fimbo yake, akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe uliye ndani! Sugua vizuri. Najua unasikia. Umesikia tangu Februari." Nilibaki nimeshika gunzi. Nilikuwa nimedhani ni mimi ninayewasikiliza.

Kuhusu kazi iliyofuata sina mengi isipokuwa utaratibu wake. Tulichukua tabaka la juu tu na kuacha la chini lililogusa udongo na samadi. Tulianza na marundo ya chini ya mapaa yaliyoangukia baraza la saruji, yakiwa safi. Mama Salina alipiga beleshi, Kogo alichekecha majani, Jebet alibeba karai na mimi nilibeba debe na kupanda ngazi. Tulivaa soksi mikononi, zikalowa, tukavaa nyingine, na zilipoisha tukavaa mifuko ya sukari. Kila debe nililomimina nilichora kijiti kwa mkaa ukutani. Kwenye thelathini Jebet alikaa chini kwenye barafu na kusema hahisi vidole, na kama mwanamume wa Moi's Bridge anamtaka aje abebe mwenyewe. Kogo akamwambia aweke mikono kwapani, ahesabu hadi hamsini, ainuke. Akainuka. Kijiti cha sitini nilikichora jua likiwa bado juu ya misaiprasi. Tukafunika tundu, na nikalitenga bomba na tangi kwa mikono yangu, ili tone lolote lililobaki juu ya paa lianguke chini.

Ijumaa jua liliwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ua ukawa matope, dari ikakauka ikiwa na doa la rangi ya chai ambalo Mama Salina alilifunika kwa karatasi za mapambo. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kimoja: muda. Barafu nyingi iliyokaa pamoja haina haraka. Jumamosi asubuhi, tulipofungua koki, maji yalitoka, mengi, matamu, lakini ndani ya tangi mawe yaliyoshikana yalikuwa bado yanaelea kama mkate mkubwa. Wageni walifika saa tano wakiwa na vumbi la barabarani, na kabla ya chai wakapewa maji. Jebet mwenyewe aliyachota kutoka juu. Mjomba wa bwana harusi, mzee mpana mwenye kofia ya manyoya, aliinua glasi, akaona vipande vya barafu vinagongana ndani, akaishusha, akatazama dari, akatazama kuta.

"Hapa mna stima?"

"Hapana, Mzee," akasema Mama Salina.

"Sasa friji inatumia nini?"

"Iko nyuma ya nyumba. Inatumia mawe."

Alitaka kuiona. Alipandishwa ngazi ile ile, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akacheka mpaka kofia ikaanguka ndani, nami nikaivua kwa upawa wa Kogo. Waliporudi kuketi akasema nyumba inayotoa barafu bila stima haijakosa watu wenye kichwa, na kwamba yeye kwa upande wake hana shida. Kogo akasema kama ni hivyo basi kuna ng'ombe mmoja wa kuongezwa, wa friji. Ng'ombe huyo alikuja kweli, mwekundu, na aliitwa Friji mpaka akazeeka.

Jumatatu Mama Salina aliniita kwenye meza. Juzuu ya S ilikuwa imefunguliwa kwenye makala ya chumvi. "Kitabu hiki kimekosa mstari," akasema. "Andika." Nikachukua penseli. "Kwa kalamu," akasema. Niliandika pembeni alivyoniambia: *Kwanza angalia maji yanakwenda wapi.* "Na kuanzia leo tangi ni lako. Likikauka nitakuuliza wewe. Likiwa na chumvi nitakuuliza wewe." Tangu siku hiyo hakuna chai iliyonywewa katika nyumba ile kabla mtu hajasema, "Mpeni Nekesa aonje kwanza." Ilianza kama kichapo, ikawa mzaha, na kama inavyojulikana sasa, ikawa desturi.

Sikuitwa kidato cha tano mwaka uliofuata pia, na sikungoja tena. Nilijifunza kujenga matangi, kwanza ya bati, kisha ya waya na saruji, kwa kutazama mafundi na kwa kuharibu machache ya kwangu. Watu hunidai cheti mpaka leo. Huwa nawapeleka kwenye tangi lolote nililojenga na kuwaonyesha kiwiko: mahali bomba la paa linapokutana na tangi, huweka kipande kinachogeuka, ili maji ya mwanzo ya mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege na chochote ambacho mtu mwerevu amekimwaga juu, yaende nje kwanza. Mafundi wengine hunicheka kwamba najiongezea kazi. Tangi la pale Kesses, la bati lilipoliwa na kutu, nilijenga jipya mwenyewe.

Siku ya matanga, baada ya kuzika, mawingu yalijikusanya upande wa Moi's Bridge na mwanga ukaanza kugeuka kijani. Watu walianza kubeba viti kuingiza ndani. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, kwa mazoea, kwenda kugeuza kiwiko. Nilikuta kimeshageuzwa. Kilikuwa kimefungwa waya mrefu wenye kitanzi mwishoni, mrefu wa kutosha kushuka mpaka usawa wa mkono wa mtu anayetembea kwa fimbo na asiyeweza tena kupanda ngazi. Kitanzi kilikuwa kimezungushiwa kitambaa ili kisikate vidole. Jebet alikuja nyuma yangu akiwa amejifunika gunia kichwani. "Mama alikigeuza mwenyewe," akasema, "asubuhi ile kabla hatujampeleka hospitali. Alisema mvua iko karibu. Hatukukigusa." Jiwe la kwanza likagonga bati. Tulisimama pale, wawili, chini ya ukingo wa paa, tukitazama maji yanakwenda wapi.